Herufi Alizoziruka Mbambu

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Mbambu alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita huko Nyakasanza, mjini Bunia, na wenzake walidhani anakimbilia sokoni kumsaidia mama yake kuuza maharagwe. Sokoni alifika, ndiyo, lakini kwanza alipita kwa Papa Hamada. Alikaa barazani, akachukua kijiti, akaanza kuchora herufi mavumbini.

Papa Hamada alikuwa Mjapani. Alikuja Zaire kuchunguza maisha ya watu wa msituni, upande wa Mambasa, na Kiswahili chake alikiokota hukohuko msituni. Gari lake lilikuwa limevunjika ekseli, kwa hiyo alipanga nyumba jirani na kwao Mbambu, akingojea ekseli nyingine kutoka Kisangani. Wiki zilipita na ekseli haikuja. Watu barabarani walimwita Mchina, naye aliwaka kila mara. "Mimi hapana Mushinwa!" alifoka. "Mimi iko mutu ya Japani!" Mbambu, ambaye hasira zake nazo hazikuwa mbali, alimpenda kwa sababu hiyo.

Mafunzo yalianza siku Mbambu alipomwona akiandika, akataka kujua ni maandishi gani yale. Kwanza Papa Hamada alimfundisha hiragana, herufi za mviringo zilizojikunja. Kila herufi ni silabi nzima: hii ni ka, ile ni ki, nyingine ni ku. Mbambu alizifurahia, maana hata Kiswahili hutamkwa kwa silabi hivyo hivyo. Alizikariri akienda kuteka maji, akazikariri akichagua mawe kwenye maharagwe, mpaka akazijua zote. Ndipo akaandika jina lake mavumbini, silabi kwa silabi, akamwita mwalimu wake aje kulitazama.

Papa Hamada alilitazama, akalifuta kwa kiganja.

"Iko muzuri, lakini si njia yake," alisema. "Jina yako tunaandika na herufi zingine, katakana. Ile njo ya majina na vitu vyenye vinatoka inje. Ya bageni."

"Ya bageni?" Mbambu aliruka juu. "Mie nilizaliwa hapa Bunia! Mugeni ni weye!"

Papa Hamada alicheka hadi miwani ikamteleza puani. "Hapa, ndiyo, mugeni ni mimi. Lakini mu kitabu yangu, mugeni njo weye."

Mbambu hakuona cha kuchekesha. Kilichomchoma zaidi ni kwamba sauti zilikuwa zile zile! Mu ya hiragana ilikuwa む, mu ya katakana ilikuwa ム, na zote mbili ni mu. Mtu anafundishwa kitu kimoja mara mbili, kama aliyelipishwa ushuru wa soko mara mbili kwa gunia moja. Alifika nyumbani akifoka, akamweleza mama yake dhuluma hiyo huku anamenya ndizi. Hata hivyo alizijifunza, tena kwa haraka kuliko zile za kwanza, kwa sababu ya hasira tu. Akaliandika jina lake kwa makaa kwenye mlango wa jikoni, ムバンブ, na mama akamfanya aufute mlango mzima kwa majivu.

Kumbe dhuluma kubwa ilikuwa bado. Siku moja Papa Hamada alileta barazani kopo la biskuti za mchele zilizotoka kwao, akamwonyesha alama moja iliyoandikwa juu yake. Ilikuwa na paa kama nyumba, na chini ya paa vijistari vingi vilivyobanana: 食.

"Hii iko kanji," alisema. "Haikupatie sauti tu. Inakupatia maana. Hii ni ya kula, ya chakula."

"Hizo kanji ziko ngapi?"

"Ya kusoma gazeti, karibu elfu mbili."

Mbambu alisimama. "Elfu mbili! Na batoto ya kwenu banakulaka saa gani?"

"Banaanza darasa ya kwanza, pole pole, mwaka na mwaka."

"Mie ninajua aina mbili ya herufi juu ya tatu. Inatosha."

"Haitoshi," Papa Hamada alisema, na safari hii hakucheka. "Hizi tatu zinatembea pamoja, mu mustari moja. Ukiruka moja, haujasoma. Na tena, weye uko unatamka tu. Maneno yenyewe bado haujue. Kutamka si kusikia maana."

Mbambu aliondoka bila kuaga vizuri. Alijiona ameonewa. Amejifunza aina mbili nzima za herufi, na bado mtu anamwambia hajasoma! Tangu siku hiyo alikwenda barazani mara moja moja tu, na kila Papa Hamada alipotaja kanji, Mbambu alikumbuka kazi aliyoachiwa nyumbani.

Lakini habari kwamba anajua Kijapani zilikwisha kuenea. Shuleni Ngabu, aliyekaa dawati la nyuma yake, alimwambia mbele ya wote kwamba yeye ni mwongo. "Hakuna mutu wa Bunia mwenye anajua Kijapani," alisema. Mbambu akaenda ubaoni, akajaza ubao katakana kutoka juu hadi chini, kila mtu kinywa wazi.

"Sawa," Ngabu alisema. "Inasema nini?"

Haikusema kitu. Ilikuwa silabi tu, moja baada ya nyingine. Lakini macho ya darasa zima yalikuwa juu yake, na Ngabu alikwisha kuanza kutabasamu.

"Inasema mutu mwenye wivu hana rafiki," Mbambu alijibu. Darasa likalipuka kwa kicheko, Ngabu akakaa chini, na Mbambu akagundua jambo baya kuligundua: kwamba angeweza kusema lolote, na mjini pote hakuna wa kumsahihisha ila mtu mmoja asiyekuja shuleni.

Sokoni, karibu na mama yake, alikaa mchuuzi aitwaye Katsuva. Meza yake ilikuwa na betri, sindano, nyembe, kufuli, na chochote kingine kilichomwangukia mkononi. Naye aliposikia habari za Mbambu, akaanza kumwita amsomee maandishi yaliyo kwenye vifuniko na masanduku, na kila mara alimpa andazi. Mbambu alitamka sauti alizozijua kwa sauti kubwa, wateja wakakusanyika, kisha akatunga maana. Hii inasema betri inadumu sana. Hii inasema sindano haivunjiki. Mbambu alikula andazi lake bila haya. Na mtu mzima mwenye ndevu alikubali kuongozwa na mtoto katika bidhaa zake mwenyewe, kwa bei ya andazi, kisha akajiita mfanyabiashara!

Ikawa Papa Hamada anapunguza mizigo, maana alisikia ekseli yake iko njiani. Makopo yake matupu ya biskuti akampa Katsuva, gunia zima. Bunia hapakuwa na mtu wa kutupa kopo zuri lenye kifuniko. Ndani yake huwekwa chumvi, sukari, sabuni, hata hati za kiwanja. Katsuva alipoyafungua akakuta ndani ya makopo mawili matatu vifuko vyeupe vya karatasi ngumu, vizito kidogo, vyenye kitu kama unga wa chengachenga. Juu yake palikuwa na maandishi mekundu.

"Mujapani yangu!" Katsuva aliita. "Kuja. Hii iko dawa ya nini?"

Mbambu alikichukua kifuko. Mstari wa juu ulikuwa kanji tupu, zile zilizobanana, naye akauruka. Mstari wa chini ulianza na ile alama yenye paa, alama ya kula, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ile aliijua! Baada yake zilifuata hiragana, akazitamka zote bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayesoma misa. Maana yake hakuijua hata chembe. Akatazama pande zote. Wanawake watatu walikuwa wameweka vikapu chini kumsikiliza, na mama yake alikuwa ameacha kupima maharagwe, akimtazama kwa fahari.

Angeweza kusema hajui. Neno lilifika hata kwenye ulimi.

"Inasema mutu akule," Mbambu alisema. "Ni ya tumbo. Dawa ya tumbo."

"Nilijua!" alisema Katsuva, ambaye hakujua chochote. Akavipanga vile vifuko mbele kabisa ya meza yake, kando ya nyembe.

Kesho yake Mbambu alirudi kutoka shuleni, akakuta mlango wa nyumba yao uko wazi wakati ambapo mama huwa sokoni. Ndani, mdogo wake Mbusa, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa amejikunja mkekani akilia na kushika tumbo. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake na kikombe cha bati mkononi.

"Afazali umefika," mama alisema. "Tangu asubui tumbo inamuuma. Shika kichwa yake. Dawa hii iko ya nguvu kabisa, angalia vile inachemka yenyewe!"

Mbambu alitazama. Ndani ya kikombe maji yalikuwa yanatokota bila moto. Yalitoa sauti ya kufoka, moshi mweupe ukapanda, na mama alikuwa anahamisha kikombe kutoka mkono huu hadi mkono ule kwa sababu ya joto lake. Chini, karibu na goti lake, palilala kifuko cheupe kilichopasuliwa.

"Mama, hapana mupatia iyo!"

"Sababu gani? Njo ile ya kwa Katsuva. Si weye mwenyewe ulisoma?"

"Sikusoma!" Mbambu alipiga kelele, akamdaka Mbusa na kumvuta nyuma hadi ukutani. "Sikusoma, mama! Sijue inasema nini. Nilisema tu!"

Mama alikitazama kikombe. Polepole akakiweka sakafuni. Mbusa, kwa mshangao wa kuvutwa, alikuwa ameacha kulia, na wote watatu waliyatazama maji yakiendelea kuchemka, mpaka yakawa uji mzito mweupe uliotoa mvuke.

"Nilikuwa ninamimina hii mu kinywa ya mutoto yangu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, halafu ghafla haikuwa ndogo tena. "Juu ya neno yako! Ingekuwa neno ya Katsuva, singemuamini hata kidogo. Nilinunua kwa sababu ilikuwa neno yako!"

Hakumpiga. Mbambu angeshukuru kama angempiga. Mama alimbeba Mbusa mgongoni, akachukua kifuko kilichopasuka kwa ncha za vidole, akatoka, na Mbambu akamfuata mbio hadi barazani kwa Papa Hamada.

Papa Hamada alikitazama kifuko, uso ukabadilika rangi. "Amekula?"

"Hapana," mama alisema. "Bado kidogo."

Mjapani yule aliketi chini ghafla. Kisha akaanza kujigombeza kwa lugha yake, akijipiga paja kwa ngumi, na hakuna aliyehitaji kuijua lugha ile ili kuelewa. Alipotulia, aliinama mbele ya mama mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Mama Mbusa, kosa iko ya kwangu pia. Nilipana makopo bila kuangalia ndani. Kwetu kila mutu anajua hii kintu, na mimi nikasahau kama hapa hakuna mutu anaweza kuisoma. Hii iko chokaa, ile kali yenye haijazimwa. Tunaitia mu kopo ili inyonye maji ya hewa, biskuti zisilegee. Ikikutana na maji, inawaka. Mu kinywa, mu koo, inaunguza."

Akamgeukia Mbambu, akamwekea kifuko mbele. "Huu mustari ya juu, ulisoma nini?"

"Niliuruka."

"Njo hapo imeandikwa chokaa. Na huu ya chini?"

"Nilijua alama ya kula."

"Na zingine zenye zinaifuata?"

"Nilizitamka."

"Ulizitamka, ndiyo. Zinasema ni marufuku. Kintu hii hailiwi." Alivua miwani akafuta macho. "Ilikuwa imeandikwa yote, Mbambu. Weye ulichukua kipande yenye unapenda, ukaacha zingine."

Mama hakungoja zaidi. "Katsuva aliuza ngapi?" aliuliza, akainuka.

Walifika sokoni wote wanne. Katsuva aliposikia, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alivikusanya vifuko vilivyobaki, akamtupia Papa Hamada, akaanza kupaza sauti ili majirani wasikie. "Miye niko na kosa gani? Mutoto yenu njo alisoma! Bote balisikia!"

"Mutoto!" mama alimkatiza. "Weye muzee na ndevu zako, unauzisha dawa juu ya neno ya mutoto wa darasa ya sita? Haukuuliza muganga, haukuuliza mwenye makopo, na nyumba yake unaijua! Uliogopa atakunyanganya kintu yenye ulipata bure!" Watu walisogea, na Katsuva akaanza kupanga upya nyembe zake zilizokuwa zimepangika vizuri.

"Uliuzisha zingine ngapi?" mama aliuliza.

"Moja tu. Nilimuuzia mama mumoja alfajiri. Simujue. Alikuwa anapita na kikapu ya samaki ya Kasenyi."

Wauza samaki wa Kasenyi, kule ziwani, walijaza safu nzima ya soko, na wengine walikwisha kwenda makwao. Mama alimtazama Mbambu. Papa Hamada naye alimtazama. Mbambu alielewa kwamba hakuna njia nyingine. Mahali fulani mjini palikuwa na mtoto mwingine anayeumwa tumbo.

Akapanda juu ya sanduku tupu katikati ya safu ya samaki. Kando ya meza ya karanga alimwona Ngabu, aliyetumwa na mama yake kununua chumvi, na kwa dakika hiyo alitamani ardhi ipasuke.

"Ba mama!" aliita, lakini kelele za soko ziliimeza sauti yake. Akajaribu tena. "Ba mama! Mwenye alinunua kifuko nyeupe kwa Papa Katsuva, musiifungue! Si dawa! Ni chokaa, inaunguza! Miye njo nilisema ni dawa. Nilidanganya. Sikujua kuisoma!"

Soko likachemka. Mtu mmoja alicheka. Mwingine aliuliza mtoto wa nani huyu. Mbambu alirudia maneno yale yale, akarudia tena, akienda safu hadi safu, mpaka sauti ikakauka. Ndipo mwanamke mrefu akajitokeza kwenye mizani ya samaki wa chumvi, akifungua fundo la kitenge chake kwa meno. Ndani ya fundo kilikuwamo kifuko, kizima, hakijaguswa.

"Nilikuwa nangojea magaribi nimupatie mujukuu yangu," alisema. Alikishindilia kifuko kiganjani mwa Mbambu kwa nguvu, mkono wake ukinuka samaki. "Iko na miezi saba! Unasikia? Miezi saba!" Machozi yalimtoka kwa hasira, akageuka akaenda zake, na Mbambu alisimama pale na kifuko mkononi, akilia mbele ya watu wote.

Kutoka sokoni walimpitisha Mbusa zahanati. Mwuguzi alimpapasa tumbo, akamwuliza amekula nini, na Mbusa akakiri mapera mabichi ya jirani, mengi. Akapewa dawa inayostahili, na kabla jua halijatua alikuwa anaomba bugali.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani Mbambu alimfuata mama yake kwa nyuma, macho chini. "Mama," alisema mwishowe, "sitajifunza tena ile maandishi. Nimeacha."

Mama alisimama katikati ya barabara. "Nani amekuambia uache?" aliuliza, na ukali wote ukarudi. "Herufi zimekukosea nini? Herufi zilisema ukweli tangu mwanzo, weye njo ulisema uongo! Leo umenitia haya mbele ya soko nzima, na tena leo umeokoa mujukuu wa mutu, kwa sababu ulikubali kusema kama haujue. Kesho utarudi kwa Papa Hamada, utajifunza ile ya tatu, hata moja kwa siku. Na mutu akikuuliza kintu chenye haujue, Bwana Mungu akusaidie useme 'sijue', hata mbele ya mufalme. Ile neno haijaunguza mutoto ya mutu kinywa!"

Kesho yake, kengele ya mwisho ilipolia, Mbambu alikwenda moja kwa moja barazani. Papa Hamada alikuwa amekwisha kulainisha vumbi kwa mkono, akamwuliza leo anataka kuanzia wapi. Mbambu akachukua kijiti, akaomba afundishwe kwanza mstari wa juu wa kile kifuko.